Walisema Nina Afya

Kwetu Mombasa mtoto mnene haitwi mnene. Huitwa mwenye afya. "Mashaallah, huyu ana afya," ndivyo wageni walivyomwambia bibi yangu kila waliponikuta barazani kwetu Kibokoni, na bibi akatabasamu kama aliyesifiwa pilau ya harusi. Nilikua nikiamini kwamba afya ni kitu kinachoshikika, kiko mashavuni na mikononi, na kwamba mimi nilipewa fungu kubwa kuliko binamu zangu wote.

Nina miaka 40 sasa. Nimeishi katika mwili uliotangulia mbele yangu tangu utotoni, kisha nikazaa mtoto wa kiume, nikakaribia kumpitisha njia ile ile huku nikidhani namlea vizuri. Naandika kwa ajili ya mama au shangazi ambaye leo anaangalia mtoto aliyewapita wenzake kwa kimo na kwa mwili, na moyo wake unafurahi.

Simlaumu bibi. Alizaa watoto saba, wawili akawazika kwa surua kabla hawajafika miaka mitatu, na kila alipowasimulia alirudia neno moja: walikuwa wembamba, hawakuwa na akiba ya kupigania. Aliyezika watoto wembamba ana haki ya kuogopa wembamba. Tena ile miaka ya mwisho wa themanini na mwanzo wa tisini, mtu akikonda mtaani watu walinong'ona, ukimwi umeingia. Mwili mnene ulikuwa ushahidi kwamba nyumba ina riziki na haina ugonjwa.

Basi nililishwa. Asubuhi mahamri manne na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye sukari mpaka inanata mdomoni. Nikitoka shule, wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Jioni naenda chuoni, yaani madrasa, na shilingi zangu za kachri, mabuyu na barafu ya ukwaju. Usiku mkate wa mofa na mchuzi. Nikisema nimeshiba, bibi alinitia tonge kwa mkono wake mwenyewe: "Hili la babako." Nikimeza, "Hili la mamako." Ningekataaje tonge la mamangu?

Nilianza kuota maziwa, yaani matiti, nikiwa darasa la pili, na miaka saba na nusu. Mama aliona nikioga, akanigusa kidogo, akasema ni mafuta tu, yatashuka nikikua. Sikumwambia kwamba yalikuwa yanauma. Chini ya chuchu ya kushoto palikuwa na kitu kigumu mfano wa kitufe, na nikilala kifudifudi nilisikia maumivu. Laiti ningemwambia. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, daktari alinieleza kwamba hapo ndipo penye tofauti: mafuta hubonyea laini kila mahali, lakini titi linaloanza kukua huwa na tezi ngumu chini ya chuchu, na mara nyingi huuma. Kwa msichana mnene jicho halitoshi kutofautisha, lazima mkono wa mtu anayejua. Na msichana akianza kuota matiti kabla ya kutimiza miaka 8, anatakiwa kuonwa na daktari. Mvulana naye, dalili za baleghe zikimwanza kabla ya miaka 9. Mimi nilipita mpaka huo bila mtu kujua kwamba kuna mpaka.

Darasa la nne nilikuwa mrefu kuliko wote, wavulana kwa wasichana. Nilisimama mwisho wa mstari asubuhi, nikafungia netiboli. Makanga wa matatu walikataa nauli yangu ya mtoto, nilikuwa nikiwaonyesha sare na mkoba, nao wananicheka, "Dada, lipa kamili." Dukani niliitwa dada, chuoni nikahamishwa kutoka mkeka wa watoto nikakalishwa na wasichana wa miaka kumi na minne, ambao hawakunitaka na mazungumzo yao sikuyaelewa. Nilikuwa bado nacheza kibe na kupika vyungu vya mchanga. Watu wazima walizungumza na kimo changu, na mimi nilikuwa huko ndani nikisubiri mtu azungumze na mimi.

Oktoba 1994, nikiwa nimebakiza miezi miwili nitimize miaka 10, nilivunja ungo. Ilikuwa chuoni, jioni, nikidhani nimekalia kitu. Msichana mmoja mkubwa alinifunga leso kiunoni akanirudisha nyumbani bila kusema neno njia nzima. Mamangu aliponiona alikaa kitandani akashika kichwa. Sikuwahi kumwona mamangu akiogopa kitu mwilini mwangu, na mimi nikaelewa kwamba nimefanya kosa, ila sikujua lipi. Aliitwa somo, mama mmoja wa mtaani, akanifundisha kujifunga, kujitwahirisha, na mambo mengine mengi ambayo sikuyasikia kwa sababu nilikuwa nalia.

Anayejua dini yetu anajua uzito wa siku ile. Mtoto akishabaleghe, sala na saumu zinamwandama kama mtu mzima. Ramadhani iliyofuata, mwezi wa Februari 1995, nilifunga siku zote zilizoniwajibikia, na zile za hedhi nikazilipa peke yangu baada ya Idi, wenzangu wa darasani wakinywa soda mbele yangu. Sina neno juu ya ibada. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka 10 alibebeshwa majukumu ya mwari kwa sababu mwili wake ulifika kabla yake, na hakuna aliyekaa naye kumwuliza moyo wake umefika wapi.

Kisha nikaacha kurefuka. Si ghafla. Darasa la sita wavulana wawili walinifikia, la saba nikawa katikati ya mstari, na kidato cha pili nilisimama mbele, pamoja na wafupi. Bibi alisema ni husuda, nilisifiwa mno bila mtu kusema mashaallah, nikachomewa ubani. Leo nina sentimita 154. Dada zangu wawili, ambao walikuwa wembamba na bibi akiwasikitikia, wana 161 na 163.

Jibu la fumbo hilo nililipata miaka thelathini baadaye, na nitalieleza nilivyolielewa.

Desemba 1994, miezi miwili baada ya siku yangu ile, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, walitangaza kwamba wamegundua jeni la homoni ambayo baadaye iliitwa leptini. Leptini hutengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe. Mafuta yakiwa mengi, leptini inaongezeka katika damu na kuupelekea ubongo habari kwamba ghala limejaa. Ubongo wa msichana huisubiri habari hiyo kabla ya kufungua mlango wa baleghe, kwa kuwa mwili wa mwanamke lazima uwe na akiba kabla ya kuweza kubeba mimba. Leptini peke yake haifungui mlango, ila ikikosekana mlango haufunguki, na ikijaa mapema mlango unakuwa tayari mapema. Akiba ile ile aliyoitamani bibi ndiyo iliyonibisha hodi.

Na mafuta hayatoi habari tu. Yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho huchukua homoni za kiume, ambazo sote tunazo wake kwa waume, na kuzigeuza estrojeni, homoni ya kike. Mtoto mnene pia huwa na insulini, homoni inayodhibiti sukari, nyingi katika damu, na insulini hiyo hupunguza protini inayozifunga homoni za jinsia, zikabaki huru kufanya kazi. Insulini hiyo hiyo husukuma ukuaji. Ndiyo maana mtoto mnene hurefuka kabla ya wenzake, ingawa homoni yenyewe ya ukuaji huwa kidogo katika damu yake kuliko kwa mtoto mwembamba. Ukimwona unadhani anastawi maradufu.

Ila mfupa una mwisho wake. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna gegedu laini ambapo urefu hutengenezwa. Estrojeni huikomaza, mwishowe ikaifunga, na ikishafungika hakuna dawa wala maziwa ya kuifungua. Ni hivyo kwa msichana na kwa mvulana, wote hufungwa mifupa na estrojeni. Msichana hurefuka kwa kasi zaidi kabla ya kuvunja ungo; akishavunja, kwa kawaida anakuwa amebakiza kama sentimita 5 mpaka 7 tu. Aliyetangulia kuanza hutangulia kumaliza. Watoto wengi wanene huishia kimo cha kawaida, sawa na wenzao au chini yao kidogo, wala hawawi wale majitu tuliowatarajia walipokuwa na miaka 9. Daktari alinionya nisiutwishe unene kila sentimita niliyokosa, kwa sababu hata ndugu wa tumbo moja hupishana. Nimemsikia. Lakini nikisimama kati ya dada zangu katika picha za harusi, najua ninachokijua.

Kimo si kitu kikubwa. Nimeolewa, nimesoma, nafanya kazi, na rafu ya juu jikoni nafika kwa kigoda. Kilichoniuma zaidi ni hedhi zilizoruka miezi mitatu minne, nywele za kidevuni, na miaka mitano ya kutafuta mtoto, mpaka kipimo kikaonyesha ovari zenye vifuko vingi. Ugonjwa huo una mizizi mingi, na insulini nyingi tangu utotoni ni mmoja wao. Nilimpata mwanangu mwaka 2013. Mmoja tu. Mnaweza kukisia nilivyomlisha.

Mpaka miaka sita mstari wake wa uzito kwenye chati ulikwenda sambamba na urefu. Kisha ikaja 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi, na mwanangu, kama watoto wengi, hakurudi darasani mpaka Januari 2021. Sisi tunakaa Tudor, orofa ya tatu, hatuna uwanja. Mji wa Kale ulifungwa mwezi Mei kwa sababu ya korona, hata kwa mama mkwe hatukuweza kwenda. Mtoto alikaa na simu, na mimi kwa kumhurumia nikakaanga. Viazi karai, bhajia, kaimati, vibanzi. Nilikuwa nafanya kwa mapenzi kabisa. Nilipoitazama chati ile baadaye niliona mstari wa uzito unavyoachana na ule wa urefu mwaka ule ule, kama ndugu wawili waliogombana.

Idi ya Aprili 2023 nilimpeleka kwa fundi wa kanzu, Mji wa Kale. Kanzu za watoto hazikumwingia kifuani. Fundi alichukua kipimo cha mtu mzima kwa upana, kisha akakata urefu karibu shubiri nzima chini. Kile kipande kilichokatwa alikikunja akanipa, akasema nitapata kitambaa cha jikoni. Nilikiweka mkobani, na sikuwaza kitu.

Nilichowaza ni shingo. Shingo ya mwanangu ilikuwa imeingia weusi nyuma, mkunjo kwa mkunjo, na ngozi imekuwa kama mahameli. Nilidhani ni uchafu. Nilimkalisha bafuni na dodoki na sabuni ya kufulia nikamsugua mpaka akalia. Weusi haukutoka. Nikamgombeza kwamba haogi vizuri, nikamrudia siku ya pili, na ya tatu. Hili nalisema kwa uchungu. Mwanangu alikuwa akinionyesha ugonjwa shingoni mwake na mimi namwadhibu kwa ajili yake.

Mwisho wa mwaka huo alianza kukataa kwenda baharini. Huyu mtoto alizaliwa anapenda maji. Nikamwuliza, akanyamaza, nikamwuliza tena usiku taa imezimwa, akasema wenzake wanasema ana maziwa. Hapo moyo wangu ulirudi moja kwa moja Kibokoni, mkeka wa chuoni, Oktoba 1994. Wiki ile ile nilitafuta daktari wa homoni za watoto.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimwamkia mwanangu kwanza, akamwita "baba", akamwomba ruhusa kabla ya kumgusa. Alimpima: kilo 58, sentimita 148, miaka 10 na miezi mitatu. Ukigawa uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata 26 na nusu. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani mvulana wa miaka 10 akivuka 21 na kidogo tayari ni unene uliopindukia. Kimo cha wastani cha umri huo ni kama sentimita 138. Alikuwa amewapita wenzake kwa sentimita kumi. Nikasema, kwa haraka ya mama, "Lakini daktari, ni mrefu, mashaallah."

Akasema, "Urefu huo ndio ninaotaka kuuangalia, mama."

Alichukua kimo cha mume wangu, 174, akajumlisha na changu, akaongeza 13 kwa kuwa ni mvulana, akagawa kwa mbili. Msichana hupunguziwa hizo 13. Ikatoka 170 na nusu: hapo ndipo mwanangu angetarajiwa kufika, juu au chini kidogo. Mtoto wa familia ya kimo chetu hana sababu ya kuwa juu ya wenzake kwa sentimita kumi, isipokuwa anatumia mapema urefu wa miaka inayokuja. Akaniambia jambo lingine ambalo kila mzazi angefaa kulijua: mtoto mnene aliye mrefu kwa umri wake, mara nyingi chanzo ni chakula, kukaa na urithi. Mtoto mnene aliye mfupi na hakui, huyo tafuta ugonjwa: tezi ya shingo iliyolala, homoni ya kortisoli iliyozidi, au dawa za steroidi alizopewa muda mrefu.

Akaagiza picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Mifupa midogo ya kiganja na kifundo huonekana mmoja baada ya mwingine kadiri mtoto anavyokua, na daktari huilinganisha na picha za kitabu ili kujua umri wa mifupa. Kitabu kinachotumika sana ni cha Greulich na Pyle, toleo la 1959, na watoto waliopigwa picha zile walikuwa wa Cleveland, Marekani, wa familia zenye nafasi. Nilisikitika kidogo kujua kwamba mkono wa mtoto wa Tudor hupimwa kwa mikono ya watoto wale, na daktari mwenyewe alisema huipokea namba kwa tahadhari. Hata hivyo namba haikuwa ya kubishania. Mwanangu alikuwa na miaka 10, mifupa yake ilikuwa na 12.

Kifua alikigusa kwa vidole viwili, akamwambia mwanangu mwenyewe, si mimi: "Baba, haya ni mafuta. Huna maziwa." Kijana alishusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia mwaka mzima. Daktari akaongeza kwamba hata akiota kitufe chini ya chuchu akibaleghe, wavulana wengi huwa hivyo kwa muda na huondoka, asifiche. Mama mkwe alikuwa na hofu yake ya siri, kwamba maumbile ya mtoto hayakui. Hilo pia lilipata jibu: mafuta ya kinena huyafunika tu, na daktari alipopima aliona ni ya kawaida. Kwa wavulana habari ya baleghe haijanyooka kama kwa wasichana. Wapo wanene wanaowahi, na wapo walio wanene sana wanaochelewa.

Kuhusu shingo, alisema, "Hii haitoki kwa sabuni." Ni insulini ikizidi damuni, huichochea ngozi ya shingo na makwapa ikawa nene na nyeusi. Sukari yenyewe ilikuwa bado haijapanda. Nililia ofisini pale, na mwanangu akanishika mkono akaniambia, "Si neno, mama."

Kabla hatujatoka alitupa onyo moja nililoliandika: mtoto mnene wa umri huu akilalamika goti au nyonga, akachechemea, asisubiri kesho. Kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kwenye gegedu yake kwa uzito, na maumivu mara nyingi huonekana gotini ingawa tatizo liko nyongani. Watu husugua goti kwa mafuta ya karafuu wiki nzima na huku nyonga inaharibika.

Lengo tulilopewa si kukonda. Tuliambiwa tuushike uzito ulipo na tuache kimo kimfuate. Hilo lilinipa nguvu, kwa sababu sikuwa tayari kumtesa kwa njaa.

Vita vilikuwa nje ya mwili wake. Mama mkwe aliponiona namwekea mtoto hamri moja na nusu alisimama jikoni mwangu akasema, "Mwanangu, wamnyima mtoto chakula? Watu watasema babake hana kazi." Siku zile nilijibu vibaya, na najuta. Kilichomlainisha hakikuwa chati. Yeye mwenyewe ana sukari, hujichoma kidole kila asubuhi. Nilimwonyesha shingo ya mjukuu wake nikamwambia, "Mama, mlango wa sukari yako ni huu hapa." Alikaa kimya akiipapasa shingo ile. Kesho yake aliniletea mchicha kutoka Marikiti.

Soda na sharubati za pakiti ziliondoka kwanza, kwa kuwa chupa moja ya soda ya mililita 300 ina kama gramu 30 za sukari, vijiko saba au vinane vya chai, na haishibishi. Kwetu tuna dafu, tuna maji, tuna maembe ya kutafunwa badala ya kukamuliwa. Wali wa nazi upo, ila sahani huanza na mchicha na samaki, wali unakuja mwisho na hauongezwi. Viazi karai tuliviweka Ijumaa. Ramadhani ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote: futari ya Mombasa mnaijua, sinia nzima ni ya kukaangwa, na mtoto akifunga nusu siku kila jirani anamtuza kaimati. Mwaka wa kwanza alipanda kilo mbili kwa mwezi huo mmoja.

Usiku simu inalala chumbani kwangu, na yeye analala saa tatu, apate angalau saa tisa za usingizi. Jioni anacheza mpira Tononoka, zaidi ya saa moja, hata kama ni golikipa. Baharini tulirudi alfajiri, ufuo wa umma, watu wachache, akiwa na fulana. Sikumwambia aivue. Mizani tunaipanda mara moja kwa mwezi, kwa daktari. Na jina la Bonge nimelipiga marufuku kwetu. Mjomba wake alichukia, akasema ni utani wa mapenzi. Nikamwambia mimi niliitwa mwenye afya kwa mapenzi hayo hayo.

Nina mpwa wa miaka minane, binti ya kakangu, naye ana mwili. Jumamosi moja alikuwa kwangu akaniuliza kwa nini kwapa lake linanuka kama la watu wakubwa. Nilizima jiko. Nilimkalisha nikamweleza yote, polepole, kwa maneno yanayomwenea: maziwa, nywele, damu, kwamba vitakuja na si kosa, na vikija mapema tutakwenda kwa daktari pamoja. Nikamwonyesha droo yenye taulo za hedhi ili siku ikimkutia kwangu asiulize mtu. Aliziangalia, akauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza. Akaenda kucheza. Jioni nilimpigia kakangu na mkewe, na wiki iliyofuata alionwa na daktari.

Mwanangu ana miaka 11 na nusu. Kwenye kipimo cha mwisho alikuwa na kilo 61 na sentimita 156. Bado ni mnene, na daktari hasemi vinginevyo. Lakini kwa mwaka mmoja na miezi mitatu ameongeza kilo tatu na sentimita nane, na shingo imeanza kufanana na uso.

Kabla ya Idi ya mwaka 2025 tulirudi kwa fundi yule yule. Alipitisha utepe kifuani, akaangalia daftari lake la zamani, akapitisha tena. "Upana ule ule," akasema, nusu akiniuliza. Kisha akapiga goti, akashusha utepe mpaka kwenye kifundo cha mguu, na safari hii hakushika mkasi.